Bwana Shamba na Kuta za Embe

Niliondoka Cheyo, mtaa wa Tabora, asubuhi bila kujua ninakwenda wapi. Ndivyo ninavyoondoka kila mahali: nikishaanza kuwajua mbwa wa mtaa kwa majina, najua muda wangu umekwisha. Nilitia nguo kwenye mfuko, nikarudisha ufunguo, nikatembea hadi barabara kuu. Fuso ya kwanza kusimama ilikuwa inarudi Nzega na kreti tupu za soda. Dereva aliniuliza nakwenda wapi, nikamuuliza yeye anakwenda wapi, akacheka akanifungulia mlango.

Tulipotoka mjini kidogo alisimama kununua maembe kwa akina mama wa kando ya barabara. Alichukua moja, akalibonyeza kwa dole gumba, akalirudisha. Akachukua la pili, akalibonyeza vilevile. Mwenye maembe akamwambia, "Baba, honi iko ndani ya gari lako." Nilicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka Bwana Shamba.

Nilipanga chumba cha uani kwake misimu kadhaa ya maembe, nikitoka na kurudi. Alikuwa amestaafu zamani, ila cheo kilikataa kustaafu. Mkewe alimwita Bwana Shamba, wajukuu walimwita Bwana Shamba, na mtu aliyethubutu kutumia jina lake la kawaida alijibiwa kwa kukohoa. Watu wengi wanajua mambo mengi kidogo kidogo. Yeye alijua jambo moja, akalijua mpaka likamharibu: alijua kwa nini tunda likiiva linalainika.

Alilipata kwenye kozi. Enzi za kazi walimpeleka mahali akawekewa kipande cha papai kwenye hadubini, naye akachungulia, na nadhani hakuwahi kutoa jicho pale. Aliporudi alikuta mahindi yana viwavi, mihogo inaoza, wakulima wanamsubiri, naye akawaeleza kuta za papai.

Nitakuwa mwongo nikisema maelezo yenyewe yalikuwa mabaya. Tunda, alisema, ni vijumba vingi vilivyobanana, kila kijumba na ukuta wake. Ukuta huo umejengwa kama nyumba ya kukandika. Kuna fito, kuna kamba za kufungia fito, kuna udongo. Fito ndiyo selulosi, ndefu na ngumu, zimelala tabaka juu ya tabaka. Kamba ni hemiselulosi, inapita kutoka ufito hadi ufito. Udongo ni pektini, unaojaza nafasi zote na kukigandisha kijumba kimoja kwa jirani yake. Na vyote vitatu ni sukari. Siyo sukari ya kulamba, bali sukari iliyofungwa mnyororo, chembe kwa chembe, kama shanga kwenye uzi. Uzi ukinyooka na kulala na wenzake unapata ufito. Ukitoa vitawi unapata kamba. Shanga zikiwa na uchachu na kushikana kwa chokaa iliyomo ndani ya mmea, unapata udongo. Tunda likikomaa linatoa vimeng'enya vyake lenyewe, mafundi wa kubomoa. Wanaanza na udongo, wanakata shanga, udongo unakuwa tope, kamba zinalegea, fito zinabaki zimesimama kama nyumba baada ya masika. Hapo ndipo dole gumba linapozama.

Mimi nilimwachia mwalimu ubao wake nikiwa darasa la sita. Niliposikia kwamba mguu wa kitanda na utelezi wa papai vimefumwa kwa sukari zilizo ndugu, tofauti ikiwa ni ufumaji tu, sikulala vizuri kwa furaha. Tatizo ni kwamba kesho yake alinieleza tena. Na kesho kutwa. Alieleza kwa maneno yaleyale na kwa vituo vilevile, akikohoa mahali palepale, na ukimwambia umeshaelewa alikutazama kama mtu aliyekatishwa sala.

Alikuwa na misemo yake. "Tunda halilainiki, linabomolewa." Hiyo ilikuwa ya asubuhi. "Usiniambie tamu, niambie ukuta umefika wapi." Hiyo ilikuwa ya mezani. Mkewe akimwandalia embe zuri, bivu, limekatwa kwa upendo, alilichokoa kwa uma, akatangaza hali ya ukuta, akalisukuma pembeni. Yeye mwenyewe alikula maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, kama watoto wa shule. Mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza kuiva hakupenda kitu kilichoiva.

Sokoni walimwogopa. Hakununua. Alipita kwenye mafungu akibonyeza moja moja na kutoa hukumu: huyu bado, huyu anabomoka, huyu mmemwua kwa kumvumbika. Alama ya dole lake ilibaki, na kufikia jioni ilikuwa doa jeusi, na doa jeusi hakuna anayelinunua. Akina mama walipoona koti lake linakuja walifunika matenga kwa kanga. Yeye alidhani wanayakinga na jua, akawapongeza kwa kuzingatia mafunzo.

Kosa moja lilimkasirisha kuliko yote. Ukisema embe linakuwa tamu kwa kuwa ukuta wake unageuka sukari, alikuja juu. Utamu wa embe unatoka kwenye wanga, alisema. Wanga ni chakula kilichowekwa ghalani, na ghala siyo ukuta. Alikuwa na kichupa cha iodini, na siku moja alinikatia embe bichi na embe bivu, akadondoshea yote mawili. Bichi likageuka jeusi kama usiku, bivu likabaki na rangi yake. Akaniambia, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Unaona? Ghala limefunguliwa. Na ukuta umebomolewa kwa wakati uleule, na hakuna aliyetoa amri." Siku hiyo nilimpenda. Ilikuwa kama nusu saa.

Kuhusu kuta za aina nyingine, ukuta wa jiko lake la uani ulikuwa umeachia udongo upande mzima, fito nje, kamba zinaning'inia. Mvua ya upepo ilipokuja moto ulizimika. Alisimama mbele yake na wageni akautumia kama mfano. Mkewe aliukandika kwa mikono yake mwenyewe, na Bwana Shamba akalalamika kwamba sasa hana cha kuonyeshea.

Hata historia ya mji aliipitisha hukohuko. Miembe mizee inayofuata njia ya misafara kuelekea Ujiji, kila mtu Tabora anajua imetokana na watu waliopita wakila na kutupa kokwa. Kwake wapagazi, pembe, utumwa, vita, vyote vilikuwa vyombo vya kusafirisha pektini kwenda bara. Nilimsikia akimweleza hivyo mgeni mmoja aliyekuwa amekuja msibani.

Sasa niseme habari ya kikundi cha akina mama, kwa maana bila hiyo angekuwa mzee mchoshi tu, na wachoshi tunao wa kutosha.

Ntalikwa, kijiji cha nje ya mji, maembe yote yanaiva pamoja. Kwa majuma machache kila mti unamwaga, mji unajaa, mbuzi wanashiba, inzi wanatawala. Kwa hiyo watu huuza mti ukiwa bado na maua. Mlanguzi anakuja, anautazama, anataja bei yake, na tangu hapo hata mtoto wa nyumba hiyo akichuma embe anakuwa mwizi. Kulikuwa na mama mmoja wa kigango, wote wakimwita Mwenyekiti, mrefu, sauti ya chini, asiyerudia neno. Mwaka ule aliwashawishi wenzake wasiuze maua. Alizungumza na mwenye duka la vyakula mjini, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Tabora na kujua Kinyamwezi cha kutosha kupatana bei, naye akakubali kuwapa nafasi kwenye rafu wakimletea jemu inayosimama. Alikuwa ameonja ya kwanza akasema ladha nzuri, ila inamwagika. Walete nyingine Jumamosi. Ikimwagika tena, rafu ataipa jemu ya Dar.

Walanguzi walikuwa wameshakwenda zao. Maembe yalikuwa yanaanza kudondoka. Wanawake walikuwa wameacha bei ya hakika kwa neno la Mwenyekiti, na waume zao hawakuacha kuwakumbusha.

Mimi ndiye niliyekuwa nikibeba maembe yao kwa baiskeli, na nilikuwa nimewaona wakipika. Walichagua yaliyoiva kuliko yote, yale yanayokaribia kupasuka, kwa kuwa unampa mteja kilicho bora. Jemu ikikataa kuganda walichemsha zaidi. Ikizidi kukataa waliongeza kuni. Mwishowe ilikuwa nyeusi, tamu, na inatiririka kama asali ya Sikonge. Nikamwambia Mwenyekiti kwamba mwenye nyumba wangu anajua mambo ya pektini hata usingizini. Akaja Cheyo siku hiyohiyo.

Bwana Shamba alimsikiliza, akafurahi sana, akasema jambo hili linahitaji semina.

Mwenyekiti alisema wao wanahitaji kujua kwa nini haigandi tu. Akajibiwa kwamba ndiyo maana ya semina. Kuwe na turubai, viti, risala, mshereheshaji, na mgeni rasmi. Mgeni rasmi angekuwa yeye. Tarehe ikapangwa Alhamisi, siku mbili kabla ya mwenye duka kuonja.

Wakaandaa. Walikodi viti vya plastiki, wakaazima turubai la msiba, wakatunga risala ya kumpongeza mtu kwa msaada ambao hajautoa. Maembe ya kupikia yalichumwa alfajiri, yakapangwa kwenye matenga mbele ya meza kuu, bivu na ya kupendeza, ili mgeni rasmi ayatumie kuonyesha.

Alianza na selulosi. Jua lilikuwa linapanda. Kufikia hemiselulosi chai ilikuwa imepoa, na watoto waliokuja kuangalia walikuwa wamekwenda. Kila alipotaja pektini akina mama walikaa wima, naye akasema, "Nitafika huko," akarudi kwenye kozi yake. Turubai la bluu linapika vilivyo chini yake, na maembe yalikuwa yanazidi kuiva pale mbele ya macho yetu. Unaweza kusikia harufu ikipanda. Mtaalamu wa kulainika kwa matunda alikuwa amesimama mbele ya matunda yanayolainika, akiyafafanua.

Mwenyekiti alinyoosha mkono. Mshereheshaji, katekista mwenye adabu za sherehe, akamwambia kwa upole kwamba maswali yatakuwa baada ya hotuba ya mgeni rasmi. Alinyoosha tena baadaye, akaambiwa hivyohivyo. Katika eneo lile unaweza kumwambia paroko kwamba amekosea misa, lakini humkatizi mgeni rasmi. Mara ya mwisho Bwana Shamba mwenyewe alimwona, akatabasamu.

"Mama, hilo lipo kwenye majumuisho."

Kabla ya majumuisho ikaja mvua. Haikuwa na maneno mengi. Turubai lilishika maji, likajaa tumbo, kamba moja ikakatika, na meza kuu ikaoga. Mgeni rasmi aliondoka juu ya bodaboda, koti kichwani, akipunga mkono.

Jioni ile Mwenyekiti alimfuata Cheyo, miguu imejaa tope. Nilikuwa uani. Mke wa Bwana Shamba alimpa kigoda na kitambaa cha kujifutia. Mwenyekiti alipiga magoti mbele ya mzee, akaamkia, akaitikiwa. Kisha akasema kesho wanapika, na maembe hayatangoja zaidi ya kesho.

"Mzee wangu, nipe neno moja tu. Tufanye nini?"

"Sayansi haina neno moja," Bwana Shamba akajibu. "Semina haikufungwa. Nikikupa mwisho bila mwanzo utafanya kama kasuku. Pangeni tarehe nyingine, tumalizie vizuri."

"Kesho, mzee."

"Pangeni tarehe."

Alibaki amepiga magoti muda mrefu kidogo kuliko heshima inavyohitaji. Nadhani alikuwa anampa muda wa kuona haya. Mzee hakuutumia. Mkewe alimsindikiza Mwenyekiti hadi barabarani, na niliposogea na baiskeli nilimsikia akimwambia, "Mwenzangu, nimekaa naye ujana wangu wote, na kwenye majumuisho sijawahi kufika."

Walipika kwa kubahatisha. Jumamosi nilibeba chupa. Mwenye duka aliichukua moja, akaiinamisha kwenye mwanga, na jemu ikaenda upande kama maji kwenye beseni. Aliirudisha wima kwa heshima. "Mama," alimwambia Mwenyekiti, "hii ni sharubati nzuri sana." Akamnunulia soda. Ndiyo ikawa mwisho.

Hakuna aliyemtukana Mwenyekiti. Waliacha tu kuja akiwaita. Msimu uliofuata mlanguzi alipata maua yote ya Ntalikwa, na kwa bei aliyoitaka, kwa maana watu walioshindwa hawabishani sana. Mwenyekiti mwenyewe aliuza ya kwake wa mwisho. Bwana Shamba alipoulizwa habari za kikundi kile alisema tatizo la wakulima wetu ni kukosa subira ya kujifunza. Muda mfupi baadaye mkewe alifariki, binti yao akaja kumchukua mzee, nyumba ikapangishwa kwa wengine, na mimi nikahamia chumba kingine mtaa huohuo. Sikujua walikompeleka, wala sikuuliza.

Dereva wa Fuso alinishusha Nzega njia panda saa za mchana. Nilizunguka soko, nikala wali na maharage, nikawa natafuta mtu wa kumuuliza gesti ya bei nafuu. Mbele ya duka la dawa za mifugo palikuwa na benchi, na juu ya benchi koti ninalolijua. Nilimtazama vizuri kabla ya kusogea. Watu hupenda kusema uzee unamlainisha mtu. Yeye haukuwa umemgusa.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba. Ulikuwa kundi gani?"

Hakunikumbuka. Nilimwambia nilikuwa mpangaji wake Cheyo. Alisema Cheyo palikuwa na wasikilizaji wazuri. Halafu akachomoa kipande cha pamba kilichokuwa sikioni mwake, nikadhani ni ili anisikie vizuri. Alikishika mbele ya pua yangu.

"Selulosi tupu," akasema. "Fito bila udongo. Huku Nzega wanailima na hawajui ni nini."

Akaanza. Nilisimama nikasikia fito zote na kamba zote, na alipovuta pumzi kuingia kwenye udongo nikamkatiza, jambo ambalo sijawahi kuona mtu akilifanya. Nikamuuliza ile semina ya Ntalikwa, mvua ilipokuja, kwenye majumuisho alikuwa anataka kusema nini.

Alifikiri. Nilitegemea akohoe. Akasema kama mtu anayeelekeza choo kilipo:

"Embe bivu udongo wake umeshakatika, hauwezi kugandisha kitu. Wachanganye na mapera mabichi, hayo yana udongo mwingi na mzima. Wakamulie ndimu. Wasichemshe muda mrefu, kuchemsha nako kunakata. Basi."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Ni jambo dogo." Akarudisha pamba sikioni. "Nilitaka kwanza waelewe."

Nilimtazama nikitafuta hata chembe ya aibu, nikakuta ametulia kabisa, mtu aliyemaliza kazi yake. Pembeni mwake, kwenye kibao, palikuwa na embe bichi na chumvi kwenye karatasi. Alinikaribisha kipande. Nikamwambia nimeshiba, nikamuaga.

Gesti niliipata nyuma ya stendi, vyumba vimepangwa kuzunguka ua, mashuka safi, mlango unaofungwa kwa kuinua kidogo. Mwenye gesti, mama mnene mwenye haraka, alinionyesha kitanda na chandarua, akasema maji ya kuoga yanapashwa, atayaleta mwenyewe. Alipotoka nikakaa kitandani, nikampigia simu Mwenyekiti. Tulikuwa hatujazungumza tangu msimu ule. Aliniuliza niko wapi, nikamwambia Nzega, na nani nimemwona. Nikamwambia yale maneno kama nilivyoyapokea: mapera mabichi, ndimu, msichemshe muda mrefu.

"Amekueleza kwa muda gani?" akauliza.

"Kwa pumzi moja."

Nilisikia kuku upande wake, na mtu akitwanga. Nilidhani atatukana, na nilikuwa tayari kumsaidia. Akauliza kama ni mapera yale yale, madogo, ya porini, au ya kupandwa. Nikasema hakubagua, mradi yawe mabichi. Akasema yapo, yamejaa njia nzima ya kisimani, wanawatupia mbuzi. Na maembe ya kwake mwaka huu mlanguzi hakuyafikia.

"Usikate," akaniambia.

Akaweka simu mahali. Nilimsikia akimwita jirani, kutwanga kukaacha, na yeye akasema jambo kwa Kinyamwezi, fupi, neno la ndimu peke yake ndilo nililolitambua. Jirani akauliza, akajibiwa, akacheka kwa hasira. Kisha sauti ya jirani ikasikika mbali zaidi, ikimwita mwingine. Mwenye gesti akagonga mlango na ndoo yake ya maji ya moto, na kule Ntalikwa habari ilikuwa imeshafika nyumba ya tatu.